Jua la Kwenye Mfuko wa Shati

Wiki yangu ya kwanza kufundisha jiografia Kibosho niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili wachore jambo jepesi kuliko yote: wanavyoliona jua likichomoza asubuhi wakiwa wamesimama kwenye kiwanja cha shule. Niliwapa karatasi na nusu kipindi. Tulikuwa tunaanza mada ya dunia, jua, mwezi na sayari, nami nilitaka kujua naanzia wapi kabla sijamwaga maneno juu ya vichwa vya watu.

Darasa zima lilichora kitu kimoja. Mlima katikati, theluji kichwani, na nyuma ya mlima jua la duara limechungulia, miale imetawanyika pande zote. Wengine waliongeza mgomba pembeni kwa kuremba. Hakuna aliyeibia kwa mwenzake, kwa sababu nilikuwa nazunguka kati ya madawati, na uso wangu siku za kazi haumpi mtu hamu ya kuibia.

Shida ni kwamba ukiwa Kibosho mlima uko kaskazini. Simama uutazame, mashariki ni mkono wako wa kulia. Jua la Kibosho halijawahi kuchomoza nyuma ya Kibo, kile kilele chenye theluji, na halitachomoza hata tukiliombea misa. Watoto hawa wengi walizaliwa pale. Walikuwa wamekata majani ya ng'ombe kila asubuhi jua likiwapiga shavu moja, halafu ukiwapa kalamu wanachora kitu ambacho hawajakiona hata siku moja.

Nikauliza wamekitoa wapi. Dawati la mbele alikaa binti mmoja mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kungoja wenzake wamalize kukosea ndipo anyooshe kidole. Safari hii hakunyoosha. Aliinamisha macho akatazama kifua chake, akagusa mfuko wa shati. Pale ilikuwapo nembo ya shule: mlima, na jua nyuma ya mlima.

"Si liko hapa, madam?" akasema.

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nililikasirikia lile shati. Mtoto ana macho mawili mazima, ana kiwanja, ana asubuhi bila malipo, halafu kitambaa kilichoshonwa mjini kinamshinda nguvu. Nikawaambia wageuze karatasi, wasichore chochote, kesho tutatoka nje.

Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa Kibosho. Nimezaliwa Rombo, upande wa pili, na kwetu mlima unalimeza jua jioni. Nilipoletwa Moshi nikiwa mdogo, kuishi na mama yangu Kiboriloni ambako anauza mitumba mpaka leo, wiki za mwanzo nilikuwa kama niliyepigwa kichwani. Nilijua upande wa mlima ni upande wa jioni, sasa jioni ikawa inakuja na jua halielekei kule. Sisi watu wa mlimani hatuna kaskazini wala kusini. Tuna juu na chini. Juu ni mlimani, chini ni kwenye joto. Ukimuuliza mtu wa Machame mashariki ni wapi atakuonyesha sehemu moja, wa Marangu nyingine, na kila mmoja atakuapia. Mlima ni mmoja lakini kila mteremko una anga lake, na mtu akihama hulibeba la kwao.

Pale shuleni nilikuwa mwalimu wa kujitolea. Shahada ninayo, ajira ya serikali nimeisubiri mpaka nimechoka kuulizwa na majirani. Posho yangu ilitoka kwenye michango ya wazazi, na nafasi yangu ilikaa kwenye ulimi wa mkuu wa shule na bodi yake. Wakisema kaa, nakaa. Wakisema nenda, hakuna pa kukata rufaa. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na bado niliwatoa watoto nje.

Tulifanya mapatano. Mwaka mzima, kila Jumatano, kabla ya kengele ya usafi, anayetaka aje tusimame kwenye kona ile ile ya kiwanja, nyuma ya goli la chini, tutazame jua linatokea wapi. Mwaka mzima, si mwezi. Niliwaambia kwamba jua halichomozi mahali pamoja, linahama, na asiyelifuata mpaka lirudi lilipoanzia hajaona kitu, ameona kipande. Mmoja akasema simu yangu ina dira, kwa nini tusiangalie tu. Ni kweli inayo. Lakini sikutaka watoke kuamini shati waende kuamini simu.

Vifaa vyetu vilikuwa ngumi zetu. Ukinyoosha mkono mbele, ukakunja ngumi, upana wa ngumi hiyo ni karibu nyuzi kumi za anga, kwa mtu mzima na kwa mtoto vilevile, kwa sababu mwenye ngumi ndogo ana mkono mfupi. Hilo liliwafurahisha kuliko yote niliyowahi kuwaambia. Tukachagua alama upande wa mashariki: tenki la maji la jirani, mti mmoja mrefu wa mgrivilea, na mnara wa kanisa la ng'ambo ya korongo. Januari jua lilitokea kulia kwa tenki. Likaja juu ya tenki. Machi likawa linatokea kwenye mgrivilea, na huko ndiko mashariki hasa, wakati mchana na usiku vinalingana.

Lakini halikusimama kwenye mgrivilea. Liliendelea kuhama kwenda kushoto, wiki baada ya wiki, na kushoto kwetu ndiko ulikokuwa mlima. Watoto wakaanza kuchangamka. Walikuwa wameshaweka dau wao kwa wao, nadhani la maandazi, kwamba likiendelea na mwendo huo litafika nyuma ya Kibo na shati litashinda.

"Linakwenda, madam," waliniambia. "Linakwenda mlimani."

"Tutaona," nikasema.

Mimi nilijua jibu, lakini jibu langu lilikuwa la kitabuni, nao walikuwa wameshakula vya kitabuni vya kutosha. Nikanyamaza. Kunyamaza si kipaji changu, na yeyote anayenifahamu atawaambia kwamba ile miezi mitatu ilinigharimu.

Masika yakaingia na ukungu wake. Kuna Jumatano tulisimama kwenye tope tukitazama shuka jeupe tu, mahali pa mlima hapana mlima na mahali pa jua hapana jua. Nikatumia nafasi hiyo kuwafundisha mengine. Mwezi, kwa mfano. Vitabu vyao vilionyesha mwezi mchanga umesimama wima, na wao walikuwa wameukariri hivyo. Nikawaambia wautafute wenyewe jioni moja wakirudi nyumbani, mara jua linapozama, wanieleze umekaaje. Wakaja wakisema umelala kama kata ya kunywea pombe ya mbege, tena umekaa sawa haumwagi. Ndivyo unavyolala huku kwetu, karibu na ikweta. Waliochora vile vitabu walichora mwezi wa kwao.

Juni mawingu yakatuachia asubuhi chache. Jua lilikuwa limepita mnara wa kanisa, limesogea hata likawa linatokea kwenye mteremko wa chini kabisa wa mlima. Wiki hiyo dau lilipanda. Wiki iliyofuata likatokea pale pale. Na nyingine, pale pale. Kutoka hapo hadi Mawenzi, kilele cha mashariki, zilibaki ngumi mbili na ushee, na Kibo iko mbali zaidi. Mvulana mmoja aliyekuwa na maandazi mengi hatarini alitazama muda mrefu, akashusha mkono.

"Limegoma," akasema.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Tukaingia darasani, nikaweka jiko la mkaa katikati, bila moto, liwe jua. Nikachukua kiazi mviringo, nikakitoboa na kijiti, nikakizungusha polepole kwenye kijiti chake: huo ndio mchana na usiku, jua halitembei, sisi ndio tunaozunguka. Kisha nikamwambia yule binti mkimya akizungushe kiazi kulizunguka jiko, kijiti kikiwa kimeinama kidogo kuelekea dirishani, na asikibadilishe mwinamo hata afike wapi. Upande mmoja wa jiko kichwa cha kiazi kilielekea kwenye jiko. Upande wa pili kichwa kilielekea mbali. Huo mwinamo ndio unaolipeleka jua upande wa mlima Juni na kulirudisha upande wa chini Desemba, na haupiti kipimo chake. Binti alizunguka mara nyingi, taratibu, mpaka kipindi kikaisha na hakuna aliyemwambia aache.

"Kwa hiyo nyuma ya Kibo halifiki kamwe," akasema. Hakuwa anauliza.

Baada ya likizo shule ilipata jukwaa. Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mwenye uwezo na mwenye kupenda shule ile kwa dhati, alikuwa amejenga jukwaa la saruji na ukuta mpana nyuma yake, upande wa juu wa kiwanja. Wanafunzi wakiwa mstarini wangeutazama ukuta, na juu ya ukuta wangeuona mlima wenyewe. Kwenye ukuta huo ichorwe nembo, kubwa, ya rangi, kabla ya mahafali.

Fundi wa rangi alikuja na ngazi yake akaanza kuchora kwa penseli. Wakati wa mapumziko binti akaenda kusimama nyuma yake. Alisimama mapumziko yote, ndipo akamuuliza, kwa adabu zake zote, kama jua lile litabaki pale pale. Fundi akamjibu kwamba yeye kapewa karatasi na anafuata karatasi. Binti akatoa chaki mfukoni. Akaenda hadi mwisho kabisa wa ukuta, mkono wa kulia, mbali na mlima uliochorwa, akachora duara dogo na kuandika chini yake neno moja: HAPA.

Nilimkuta amepigishwa magoti juani katikati ya kiwanja. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama kivulini na fimbo yake, anangoja kuambiwa amchape ngapi. Nikamwambia binti asimame. Mwalimu wa zamu akaniuliza kwa mamlaka ya nani. Nikamwambia kwa mamlaka ya mtu aliyemfundisha, na kama kuna wa kupigishwa magoti basi anionyeshe mahali. Nilisema kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia, na sioni aibu.

Mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, anayekaribia kustaafu, mwenye kuogopa kelele kuliko makosa. Akafunga mlango, akaketi, akaniangalia kwa huzuni kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

"Mwalimu, nembo ile ina umri mkubwa kuliko wewe," akasema.

"Na ina kosa, mkuu."

"Hata mimi nina macho."

Hilo lilinikata maini. Ningependa angebisha. Ningependa angeniambia jua linatoka mlimani nikamtoe nje nikamwonyeshe. Lakini alikuwa anajua, alikuwa amejua miaka yote, na kila asubuhi alikuwa akisimama mbele ya watoto mionzi ikimpiga upande mmoja wa uso.

"Kama una macho, tatizo liko wapi?"

"Tatizo mzee wa bodi ameumia. Anasema tumemfanya mwongo mbele ya fundi." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Jumatatu mstarini utasema maneno machache. Kwamba nembo haina kosa. Binti aombe radhi, yaishe. Bodi inakaa wiki hiyo hiyo, inajadili walimu wa kujitolea. Sitaki kukupoteza."

Aliyasema hayo kwa upole kabisa, na nilielewa kila neno. Nikisema, nabaki, na ule mwaka wetu wa jua unaendelea mpaka Desemba. Nisiposema, naondoka nikiwa nimewaonyesha kipande. Yaani ili nimalize kuwafundisha kutazama, ilibidi kwanza niwaambie wasiyaamini macho yao.

Yule mzee mwenyewe nilikutana naye Ijumaa, amekuja kukagua ukuta. Koti zito, kofia, mkongojo aliouhitaji kidogo tu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa jua."

"Ndiye mimi, mzee."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alinikaribisha tukae kwenye ukingo wa jukwaa, akaanza kuzungumza bila ukali. Alikuwa mzaliwa wa Siha, magharibi ya mlima. Alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe wa babu yake, na kule jua huchelewa, kwa sababu lazima kwanza lipande mlima mzima kwa nyuma. Walikuwa wanakaa kwenye baridi, miguu peku kwenye umande, wanaukodolea macho mgongo wa Kibo. Halafu unaona ukingo wa mlima unawaka, na mara jua lenyewe hilo hapo, na vidole vinaanza kurudi. Akasema alijiapia kwamba akipata, atajenga shule, na watoto wa shule hiyo watavaa jua lile kifuani; shule ndiyo hii, na nembo aliichora yeye.

"Sasa wewe unasema ni uongo," akasema.

"Sisemi hivyo, mzee. Kwenu ni kweli tupu. Mimi kwetu Rombo jua linazama mlimani, na hiyo nayo ni kweli. Lakini hawa watoto hawako Siha wala Rombo. Wamesimama hapa."

Akautazama ukuta. Nikaona nafasi, nikaongeza: "Tuandike chini ya nembo kwamba ndivyo jua linavyoonekana Siha. Watajua limetoka wapi, na watajua limetoka kwa nani."

Nilidhani nimempa zawadi. Uso wake ukafunga. Akauliza kama namdhihaki, nikasema hapana, na kweli sikuwa namdhihaki. Labda nilipaswa kunyamaza mapema kidogo, lakini nimeshasema kuhusu mimi na kunyamaza.

"Nembo haiandikwi maelezo," akasema akinyanyuka. "Jumatatu utasema. Na mimi nitakuwepo."

Jumamosi nilikuwa Kiboriloni namsaidia mama kupanga masweta mezani. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akikunja, na mikono haikusimama.

"Sema tu," akasema. "Neno linakwenda na upepo. Utamwaga unga kwa ajili ya picha?"

"Mama, kwetu jua linazama wapi?"

"Mlimani."

"Mtu akikulazimisha useme linatoka mlimani, utasema?"

"Kwa kodi ya chumba? Ningesema hata linatoka chooni." Akanitupia sweta nilikunje upya, nilikuwa nimelikunja vibaya. "Lakini mimi nauza nguo. Mimi sijamwambia mtoto wa mtu aniamini."

Nikalikunja lile sweta upya.

Jumatatu mzee alikaa jukwaani kwenye kiti cha plastiki, mkuu pembeni yake. Nyuma yao nembo ilikuwa imekamilika, jua la njano limechomoza nyuma ya mlima wa bluu, na juu ya ukuta Kibo yenyewe imejifunua kwa namna inavyopenda kufanya kabla mawingu hayajaifunika. Wimbo wa taifa ukaimbwa. Mkuu akasema mwalimu wa jiografia ana maneno machache. Niliogopa, sitaki mtu afikirie vingine. Nilipanda ngazi za jukwaa nikiwaza kodi ya chumba.

"Wanafunzi," nikasema, "nembo hii imechorwa na mtu aliyelipenda jua la kwao. Kwao ni Siha, na Siha jua linachomoza nyuma ya mlima, hivyo hivyo mnavyoona. Mheshimuni kwa hilo. Aliyekosea kumwambia fundi ni mimi, kwa mdomo wa mwanafunzi wangu, na kama kuna adhabu ni yangu." Mkuu akapumua. Nadhani alifikiri nimemaliza. "Sasa naomba kila mmoja ageuke atazame jua la Kibosho."

Kwa muda hakuna aliyetikisika. Halafu nikaona kidato cha pili wanageuka kulia, wale wa Jumatano kwanza, kisha darasa zima, na nyuma yao vidato vingine, kelele za viatu kwenye changarawe, mpaka shule nzima imeupa ukuta bega na uso umeelekea mashariki. Jua lilikuwa limeshapanda, kali, wamekunja nyuso. Wengine walikuwa wanacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na furaha na hofu kwa kiasi kile kile, na sijui mpaka leo ipi ilinifanya nitokwe na machozi.

Mzee hakugeuka. Aliondoka kabla mstari haujavunjwa, na hakuniaga.

Bodi ikakaa, nikaambiwa nisirudi. Sababu waliyoitoa ni utovu wa nidhamu. Mkuu alinipa habari hiyo akiwa amesimama, akanishika mkono, akauachia haraka. Binti aliagizwa asugue chaki ukutani, akasugua. Nikashusha vitabu vyangu Kiboriloni kwa bodaboda, nikampasha mama habari, akasema sawa, akanionyesha furushi la kufungua.

Nilifungua mafurushi. Lakini Jumatano ilipofika niliamka kukiwa bado na giza, kwa hasira tupu, na kwenda Kibosho. Bodi ina shule. Haina barabara. Nje ya geti, ng'ambo ya mtaro, kuna mahali jirani ameng'oa migomba ya zamani kupanda miche ya kahawa, na kutoka pale, hatua chache nyuma ya kona yetu, mashariki yote iko wazi, tenki, mgrivilea na mnara. Nikasimama hapo kama mtu anayesubiri gari. Walikuja watatu, binti akiwa mmojawapo. Jua lilikuwa limeshaacha mteremko wa mlima, linarudi. Tukapima, wakakimbia kuwahi usafi. Wiki iliyofuata walikuja wengi zaidi, na iliyofuata tena sikuweza kuwapanga wote ukingoni mwa mtaro.

Niliwapa sharti moja: kengele ikilia, wote ndani. Pale shuleni anayekutwa nje ya geti baada ya kengele ya usafi ni mchelewaji, na mchelewaji huchapwa. Mimi nilikuwa nimeshamwaga unga wangu, sikuwa na haki ya kumwaga na wao.

Mwishoni mwa Septemba kulikuwa na wingu limelala mashariki. Nyuma yake kulikuwa kunawaka, lakini jua lenyewe lilikuwa bado. Watoto walisimama na ngumi tayari. Tulitaka sana asubuhi ile, kwa sababu jua lilikuwa linarudi kwenye mgrivilea, na kama lingetokea pale pale lilipotokea Machi, basi wangekuwa wamelishika likienda na likirudi. Kengele ikalia.

"Nendeni," nikawaambia.

Hakuna aliyekwenda.

"Nimesema nendeni. Mtachapwa."

"Bado halijatoka, madam," binti akasema, bila kuniangalia, mkono umenyooka.

Geti likafunguliwa. Mwalimu wa zamu akatoka, fimbo mkononi, akasimama akaanza kuwahesabu kwa kidole. Nyuma yake akaja mkuu wa shule. Nikavuka mtaro kuwaendea, nikiwa nimeshapanga matusi ya heshima kwa wote wawili. Mkuu akaniinulia kiganja ningoje. Alikuwa anatazama walikotazama watoto. Ukingo wa wingu ukapasuka, jua likatokea ubavuni mwa mgrivilea, na ngumi zote zikainuka.

Mwalimu wa zamu alimuuliza aanze na yupi.

"Hawa hawajachelewa," mkuu akasema. "Wako darasani."